Nyoka anapogoma kula: Siri ya usingizi wa majira ya baridi

INAPOFIKA Novemba katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, majani hupukutika mitini, mchana hufupika na watu huanza kuvalia makoti mazito. Ni wakati huo pia ambapo wengi wa wanaofuga nyoka majumbani mwao huingiwa na wasiwasi. Nyoka ambaye kwa miezi mingi alikuwa akimnyakua panya mara tu anapomwona, sasa humwangalia kidogo, akageuza kichwa na kurudi mafichoni.

Wiki ya kwanza hupita, ikaja ya pili. Mwezi humalizika bila mnyama huyo kutia kitu tumboni. Mwenyewe huanza kujiuliza iwapo ni ugonjwa, uzee au kifo kinachobisha hodi. Hapo ndipo wengine hutenda kosa la kumfungua kinywa kwa nguvu na kumsukumia chakula kooni. Wengine nao hukaa wakisubiri, wakiamini kuwa ni desturi ya msimu, kumbe mnyama anaangamia kwa nimonia.

Makosa yote mawili huua, na yote hutokana na jambo moja: kutofahamu jinsi mwili wa nyoka unavyofanya kazi baridi inapoingia.

Kwa Wakenya wengi, habari ya nyoka kufugwa sebuleni kama paka ni kioja. Nyoka wanaowafahamu ni wale wanaouawa kwa rungu wakipatikana uani, au wanaotazamwa kupitia kioo katika Bustani ya Nyoka iliyo kando ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Hata hivyo, ughaibuni ufugaji huu umekita mizizi, na mmoja wa nyoka wanaopendwa zaidi huko asili yake ni Afrika. Kisa chake kinafunza mengi kuhusu uhusiano wa mnyama na majira ya kwao.

Joto la kuazima

Nyoka ni miongoni mwa wanyama wanaoitwa wa damu baridi. Jina hilo hupotosha kidogo, kwa kuwa damu ya nyoka aliyeota jua adhuhuri inaweza kuwa na joto sawa na la binadamu. Maana yake halisi ni kwamba mwili wake hauzalishi joto la kutosha kujipasha. Joto lake ni la kuazima kutoka kwa jua, mwamba au ardhi aliyolalia.

Binadamu, ng'ombe na kuku hutumia sehemu kubwa ya chakula wanachokula kuhakikisha miili yao haipoi. Nyoka hana gharama hiyo. Ndiyo sababu mlo mmoja unaweza kumtosha kwa wiki kadhaa, ilhali mtu akikosa mlo wa siku moja huanza kulalamika.

Lakini uwekevu huo una bei yake. Joto la mahali alipo likipungua, kila shughuli mwilini mwake hupungua nalo. Moyo hupiga polepole, pumzi hupungua, misuli hulegea, na vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni hukaribia kusimama. Nyoka wa aina nyingi wanaofugwa huhitaji sehemu yenye joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi ili wasage chakula vyema. Likishuka hadi nyuzi 15 au chini ya hapo, panya aliyemezwa hubaki tumboni kana kwamba amewekwa kabatini.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Panya huyo hukaa tumboni akioza. Bakteria huongezeka, gesi hujaa, na nyoka asipomtapika kwa wakati sumu huenea mwilini. Kwa hivyo, nyoka anayekataa chakula baridi inapokaribia hajachanganyikiwa. Anatii kanuni ya kale iliyowaokoa wazazi wake: usile kile usichoweza kusaga.

Mapango ya Narcisse

Hakuna mahali ambapo kanuni hiyo huonekana waziwazi kama Narcisse, kaskazini mwa jiji la Winnipeg katika mkoa wa Manitoba, nchini Canada. Huko halijoto ya majira ya baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 30 hasi na ardhi kuganda hadi kina kirefu. Nyoka aliyebaki juu ya ardhi hawezi kuona machipuko.

Chini ya ardhi ya eneo hilo kuna miamba ya chokaa yenye nyufa na mapango yanayofika chini ya tabaka linaloganda. Kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, makumi ya maelfu ya nyoka wadogo wenye michirizi, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Thamnophis sirtalis parietalis, husafiri kutoka vinamasini na kujitosa katika mapango hayo. Hubanana humo gizani kwa miezi mingi pasipo kula chochote.

Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei theluji inapoyeyuka, hutoka kwa wingi kiasi kwamba ardhi huonekana kama inayotambaa. Madume hutangulia na kuwasubiri majike milangoni mwa mapango. Hata wakati huo chakula si hoja kwao. Madume hutumia siku hizo kutafuta wenza, na mara nyingi huanza kula baada ya kuondoka pangoni na kurejea kwenye vinamasi walikoacha vyura na nyungunyungu.

Eneo hilo pia limeonyesha jinsi mpango huo wa maumbile unavyoweza kuvurugika. Mwaka wa 1999, makumi ya maelfu ya nyoka wa Narcisse walikufa kutokana na baridi kali iliyowapata kabla ya kujificha ipasavyo. Isitoshe, wengi walikuwa wakikanyagwa na magari wakivuka barabara kuu kuelekea mapangoni, hadi vijia vikachimbwa chini ya barabara na nyua fupi kujengwa kando yake ili kuwaelekeza humo.

Si usingizi wa dubu

Watu wengi hulinganisha hali hii na usingizi mrefu wa wanyama kama vile dubu na kalunguyeye wa Ulaya. Wataalamu hutofautisha mambo hayo mawili. Mwaka wa 1965, mtafiti wa Marekani, Wilbur Mayhew, alipendekeza jina la pekee kwa ajili ya wanyama watambaao, akalitoa katika neno la Kilatini, bruma, lenye maana ya majira ya baridi.

Mnyama anyonyeshaye huingia usingizini kwa amri ya mwili wake mwenyewe. Huupunguza moto wa ndani na kuuwasha tena wakati ukifika, huku akitegemea mafuta aliyojiwekea. Nyoka hana moto wa kupunguza. Yeye hupoa kwa sababu dunia imepoa. Siku ikitokea yenye joto katikati ya majira ya baridi, anaweza kuamka, akasogea, akanywa maji kisha akarudi alikolala.

Hiyo ndiyo sababu maji ni muhimu kuliko chakula katika kipindi hiki. Nyoka aliyelala kwa miezi mitatu huweza kuamka akiwa amepungua uzito kidogo tu, lakini asipopata maji figo zake huweza kuharibika.

Usingizi huo aidha una kazi nyingine. Kwa nyoka wengi wa nchi zenye majira manne, kipindi cha baridi ndicho saa inayoratibu uzazi. Baada ya kupoa kisha kupashwa joto, madume huwa tayari kutafuta wenza na majike huanza kutunga mayai. Ndiyo maana wafugaji wanaotaka vizazi huwapoza nyoka wao makusudi, ilhali wale wasiotaka mayai wanaweza kuacha joto liendelee mwaka mzima bila kumdhuru mnyama.

Mwili unaojua kufunga

Kinachowashangaza wengi ni jinsi nyoka anavyoweza kukaa na njaa bila kudhoofika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 na mwanasayansi Marshall McCue, ambaye wakati huo alikuwa katika Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, ulitoa mwanga mkubwa. Nyoka 62 wa aina tatu, miongoni mwao chatu, walinyimwa chakula kwa takriban miezi sita huku wakipimwa.

Ilibainika kuwa baadhi yao walipunguza matumizi ya nguvu mwilini kwa hadi asilimia 72, licha ya kwamba tayari walikuwa wanyama wanaotumia nguvu kidogo. Walipoteza kati ya asilimia 9 na 24 ya uzito wao. Ajabu ni kuwa baadhi waliendelea kurefuka ingawa hawakula chochote.

Tafiti nyingine kuhusu chatu wa Burma, zilizoongozwa na mwanasayansi Stephen Secor tangu miaka ya tisini, zilionyesha upande wa pili wa siri hiyo. Chatu asipokula, utumbo wake husinyaa na viungo kadhaa vya ndani hupungua. Akimeza windo, viungo hivyo hufufuka. Katika muda wa siku mbili tatu, utumbo mwembamba huweza kuongezeka uzito takriban mara mbili, na kasi ya matumizi ya nguvu mwilini huweza kupanda mara 40 au zaidi. Chakula kikimalizika, kila kitu hurejea kilivyokuwa.

Kwa maneno mengine, nyoka hufunga jiko kila anapomaliza kupika. Hana haja ya kuendelea kuchochea moto chini ya sufuria tupu. Anayeelewa jambo hili hatababaika kwa sababu ya wiki tatu bila mlo. Vilevile, ataelewa kwa nini nyoka aliyefunga kwa muda mrefu hapaswi kukaribishwa kwa windo kubwa siku anayoamka. Viungo vyake havijawa tayari.

Chatu wa savana katika chumba cha London

Kati ya nyoka wanaofugwa kwa wingi duniani ni chatu mdogo wa Afrika ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme na Wamarekani chatu-mpira, kwa kuwa akitishwa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Jina lake la kitaalamu ni Python regius. Nchi za asili yake zinaanzia Senegal, zikapitia Ghana, Togo na Benin hadi kufikia Sudan Kusini na Uganda. Kwa kawaida hukua hadi mita moja au moja na nusu, na huishi katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa.

Chatu huyu huishi miaka mingi. Mwaka wa 2020, mmoja wa aina hiyo katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 62, aliwashangaza watunzaji wake kwa kutaga mayai saba ilhali alikuwa hajakaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Kwa hivyo, anayemnunua chatu huyu anajifunga kwa miaka mingi, na ni vyema azielewe tabia zake mapema.

Tabia mojawapo ni kususia chakula. Hakuna nyoka wa kufugwa aliyesababisha wasiwasi mwingi kwa jambo hili kama yeye. Ametoka katika nchi isiyo na theluji, hivyo hana desturi ya kulala usingizi wa baridi. Hata hivyo, huweza kukataa chakula kwa miezi miwili, mitatu au hata zaidi, hasa kati ya Novemba na Machi.

Sababu inapatikana katika kalenda ya kwao. Katika Afrika Magharibi, miezi hiyo ni ya kiangazi, ambapo upepo mkavu wa harmattan huvuma kutoka Sahara na usiku hupoa. Ndio msimu wa chatu hao kutafutana. Majike hutaga kuelekea mwisho wa kiangazi, kisha huyazungushia mayai miili yao na kuyalinda kwa takriban miezi miwili bila kula. Vifaranga huanguliwa mvua zinapoanza na panya kuwa tele.

Chatu aliyezaliwa katika chumba cha London hajawahi kuuona upepo huo wala kichuguu cha mchwa. Lakini usiku unapopoa kidogo na mchana kufupika, kalenda ya mababu zake huamka ndani yake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kusikia kwamba nyoka hulala majira ya baridi, humpunguzia chatu huyu joto kama wanavyofanya kwa nyoka wa Marekani. Matokeo yake huwa maradhi ya mapafu. Nyoka wa nchi za joto hapaswi kulazwa. Hata akigoma kula, sehemu yake ya joto inafaa kubaki kwenye nyuzi 31 hadi 33, na ile ya kupumzikia isishuke sana chini ya nyuzi 25.

Anayeweza kulazwa ni nyoka kama yule wa mahindi, Pantherophis guttatus, wa kusini mashariki mwa Marekani, aliyepata jina hilo kwa kuwa alizoea kuwinda panya katika maghala ya mahindi. Huyo kwao kuna baridi, na mwili wake unaielewa.

Namna ya kumlaza

Wafugaji wenye uzoefu hufuata utaratibu usioruka hatua. Kwanza humkagua nyoka. Aliyekonda, mgonjwa, aliyetibiwa hivi karibuni au kinda la mwaka wa kwanza huachwa katika joto lake. Sababu ni kwamba baridi hupunguza pia nguvu za mwili kupambana na maradhi. Ugonjwa mdogo wa Novemba unaweza kuwa kifo Januari.

Pili, chakula husitishwa wiki mbili hadi tatu kabla ya joto kupunguzwa, huku nyoka akiendelea kupashwa kama kawaida. Lengo ni kusafisha utumbo kabisa. Mfugaji anayempa nyoka mlo wa kumuaga kisha akazima joto kesho yake, kwa hakika amempa sumu.

Tatu, joto hushushwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili hadi kufikia kati ya nyuzi 10 na 15. Nyoka huwekwa mahali penye giza na utulivu, penye hewa na bakuli la maji safi. Wengine hutumia chumba cha chini ya nyumba, na wengine jokofu maalumu linalofunguliwa mara kwa mara ili hewa iingie. Kipindi hicho huchukua wiki 8 hadi 12.

Katika muda huo nyoka hapapaswi ovyo, lakini pia hatelekezwi. Hukaguliwa kila wiki, maji hubadilishwa na uzito hupimwa mara kwa mara. Akionekana anatoa kamasi au anapungua kwa kasi, hupashwa joto taratibu na kupelekwa kwa daktari.

Hatimaye, joto huongezwa hatua kwa hatua kama lilivyopunguzwa. Nyoka hupewa maji kwanza. Baada ya siku kadhaa za joto kamili, hupewa windo dogo kuliko alilozoea. Akilisaga vyema, milo ya kawaida hurejea. Haraka haraka haina baraka, na kwa nyoka aliyetoka usingizini methali hiyo ni kanuni ya uhai.

Si kila mgomo ni wa baridi

Kuna sababu nyingine nyingi zinazomfanya nyoka akatae chakula, na baridi haipaswi kusingiziwa kila mara.

Ya kwanza ni kujivua gamba. Siku chache kabla ya tukio hilo, rangi ya nyoka hufifia na macho yake huwa na utando wa samawati. Haoni vizuri, hivyo hujificha na kususia mlo. Akishajivua, hamu hurudi. Ikumbukwe kuwa mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa, na gamba huweza kung'ang'ania mwilini, hasa ncha ya mkia na machoni.

Ya pili ni uzazi. Dume anayetafuta jike na jike mwenye mayai wote huweza kuacha kula.

Ya tatu ni mazingira. Nyoka aliyenunuliwa juzi, anayeshikwashikwa na watoto kila saa, au aliyewekwa katika kizimba kikubwa kisicho na maficho, huishi kwa hofu. Mnyama anayejihisi anawindwa hawezi kuwinda. Mara nyingi tiba ni kumwekea makazi madogo ya kujificha, kisha kumwacha kwa wiki nzima bila kumgusa.

Ya nne ni chakula chenyewe. Chatu aliyetekwa porini alizoea panya wa huko, na huenda asimtambue panya mweupe wa maabara kuwa ni mlo. Windo lililotoka kwenye friji bila kupashwa joto halimvutii pia, kwa sababu chatu huhisi joto la windo kupitia vishimo vilivyo katika midomo yake.

Ya tano, ambayo ndiyo ya kuogopwa, ni ugonjwa. Nimonia, kuoza kinywa, minyoo na vimelea vingine huanza kwa dalili hiyo hiyo ya kukosa hamu. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium serpentis husababisha kutapika na uvimbe katikati ya mwili. Kwa chatu na nyoka wa jamii ya boa, kuna maradhi ya virusi vya kundi la reptarena ambayo hushambulia mishipa ya fahamu na hayana tiba.

Mizani haidanganyi

Mwenye nyoka atatofautishaje basi mfungo wa kawaida na ugonjwa? Jibu la kwanza ni mizani. Nyoka afungaye kwa sababu ya msimu hubaki na mwili ulioshiba, ngozi iliyonyooka na ulimi unaochezacheza akiguswa. Uzito wake hupungua polepole mno.

Tuseme chatu ana uzito wa gramu 1,500 mfungo unapoanza. Akipungua gramu 30 au 40 kwa miezi miwili, hakuna la kuhofia. Akipoteza gramu 150, yaani asilimia 10, inafaa daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa wanyama watambaao amtazame. Mfugaji asiyeandika uzito hawezi kujua tofauti hiyo, kwa kuwa jicho linalomwona mnyama kila siku halitambui anavyokonda.

Dalili nyingine hazihitaji mizani. Nyoka anayepumua akiwa ameachama, anayetoa mlio wa kukoroma, mwenye kamasi puani au mapovu kinywani, anayetapika, aliye na kinyesi chenye harufu isiyo ya kawaida au ambaye uti wa mgongo wake umechomoza kama ukingo, huyo hafungi. Huyo ni mgonjwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na kusubiri machipuko katika hali kama hiyo ni kumhukumu kifo.

Kabla ya kukimbilia daktari, hata hivyo, mfugaji hushauriwa kukagua vifaa vyake. Mara nyingi mgonjwa huwa ni kizimba wala si nyoka. Mkeka wa umeme ulioungua, taa iliyozimika au kidhibiti joto kilichoharibika huweza kushusha joto hadi lile la katikati: si joto la kumwezesha kusaga chakula, wala si baridi ya kumlaza. Hali hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mwili wake huendelea kutumia akiba, maradhi humpata kwa urahisi, na chakula hakiwezi kumsaidia. Kipimajoto cha bei nafuu kikiwekwa kila upande wa kizimba kinaweza kuokoa maisha.

Kulazimisha mlo kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, tena mikononi mwa mtaalamu. Nyoka aliyesukumiwa windo kwa nguvu huweza kuumizwa meno na koo, na hofu anayopata humfanya achelewe zaidi kula kwa hiari. Vilevile, ni hatari kumwacha panya hai kizimbani usiku kucha kwa matumaini kwamba nyoka atabadili nia. Panya mwenye njaa humtafuna nyoka aliyepooza kwa baridi, na wengi wamepatikana asubuhi wakiwa na majeraha ya kutisha mgongoni.

Funzo kwa Wakenya

Nchini Kenya hakuna theluji ya kuwazika nyoka mapangoni, ukiondoa vilele vya Mlima Kenya ambako mnyama huyo hafiki. Lakini kanuni ya joto la kuazima haijui mipaka. Katika nyanda za juu, Julai inapokuja na baridi na mawingu, nyoka huonekana kwa nadra, kwa kuwa huwinda kidogo na kukaa mashimoni muda mrefu. Jua likirejea, hutoka kuota kwenye mawe na vijia. Mkulima anayelima karibu na vichaka hufanya vyema kukumbuka kwamba nyoka asiyeonekana hajahama.

Anayesoma haya na kuvutiwa kumfuga mnyama huyo anapaswa pia kujua kuwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali. Kimataifa, biashara ya chatu huongozwa na mkataba wa CITES, unaodhibiti uuzaji wa wanyama na mimea iliyo katika tishio. Kumsafirisha mmoja mfukoni au mkobani kuvuka mpaka si mzaha, ni uhalifu.

Zaidi ya sheria, kuna suala la utu. Mbwa mwenye njaa hulia, na paka humzunguka mwenyewe miguuni. Nyoka hana sauti ya kuomba wala uso wa kuonyesha maumivu. Anayemfungia ndani ya kioo amechukua mahali pa jua, pa mwamba na pa msimu. Joto likiwa pungufu, hana pa kuhamia. Likizidi, hana shimo la kukimbilia.

Ndiyo sababu mgomo wa chakula ni ujumbe unaofaa kusomwa kwa makini. Mara nyingi husema tu kwamba majira yamebadilika na mwili umeamua kungoja. Mara nyingine husema kwamba kizimba kimepoa au mapafu yanauma. Mizani, kipimajoto na daftari la kuandikia tarehe ndivyo humsaidia mfugaji kuusoma, na vikishaonyesha kwamba mnyama yu salama, kazi inayobaki ni kumwekea maji safi na kumwacha alale.